Profesa wa Filimbi

Gari lilikuwa bado halijatoka kwenye barabara ya nyumba ya mzee, pale Amherst, kando ya mji wa Buffalo, Gentille akauliza: "Papa, alisema nini? Mulikawia sana."

Bagula akashughulika na mkanda, akashughulika na kioo, akashughulika na kila kitu ambacho gari linaweza kumpa mtu mwenye jambo la kuficha. "Anakusalimia," akasema. "Anasema ukule muzuri mbele ya kukimbia."

"Ni hivyo tu?"

"Njo hivyo tu."

Binti akaridhika, akarudi kwenye simu yake. Uongo wenyewe ulitoka bila taabu, kama mtu anavyojibu salamu. Mzee hakuwa amesema lolote juu ya chakula. Alichosema, na alikisema kwa Kifaransa safi, akikirudia mara ya pili ili kisipotee, ni kwamba Gentille asikimbie tena. Si mashindano, si mazoezi, si hata kukimbilia basi la shule, mpaka daktari apige picha ya moyo wake. Bagula alikuwa ameitikia kwa kichwa, akasema ndiyo, amesikia, akashukuru kwa chai.

Alisikia, ndiyo. Lakini kuna kusikia na kuna kumheshimu anayesema.

Sasa, msomaji asiyetoka kwetu anivumilie kidogo. Kule Kongo mwalimu wa sekondari tunamwita prof. Kuna prof wa hesabu, kuna prof wa kemia, halafu huko mwisho kabisa, karibu na mlinzi wa geti, kuna prof wa sport: yule wa kaptula na filimbi, anayewapanga watoto mstari na kuwaambia waruke. Siku walimu wanapoketi kuamua nani amepita na nani amerudia, yeye haulizwi kitu. Bagula mwenyewe alikuwa prof wa hesabu Bukavu, tena wa wale wakali, na katika mikutano hiyo alikuwa akimtuma prof wa sport kwenda kuleta soda.

Basi walipofika Buffalo kama wakimbizi na kupewa nyumba upande wa East Side, akatokea mzungu mmoja Mjerumani, mwenye mvi na miguu mirefu, akawa anakuja kila Jumamosi kwa baiskeli kuwafundisha mbio watoto wa kanisa bustanini. Jina lake Eckhard Brümmer. Watoto wakamwita Mzee Ekati, na yeye akalipenda. Alijua Kifaransa kwa sababu aliwahi kusoma Strasbourg. Bagula alipomuuliza kazi yake, mzee, ambaye hakuwa mtu wa kujipamba, akajibu kwamba ni profesa wa sport. Alikuwa na kaptula. Shingoni, wallahi, alikuwa na filimbi.

Bagula hakuuliza zaidi. Alimpenda mzee, alikula naye, alimlilia mke wa mzee alipokufa. Ila kichwani alishampangia kiti chake, na kiti hicho kilikuwa kule mwisho karibu na geti. Hata baada ya kuhamia Louisville, akimtaja kwa marafiki alisema "prof yetu ya filimbi," wakacheka.

*

Walikuwa wamerudi Buffalo kwa harusi tu. Mama Gentille, Patricia, alibaki East Side na akina mama wenzake akimenya ndizi, na Bagula akasema si vizuri kupita mjini bila kumsalimia mzee. Akamchukua binti. Laiti angemchukua na mama, mambo yangekuwa mengine, lakini ndizi zilikuwa nyingi.

Gentille mwenyewe ndiye aliyelianzisha, kwa Kiingereza chao cha haraka, huku anacheka. Alimsimulia mzee mbio zake zote, kisha akasema kwamba siku hizi wakati mwingine kwenye mazoezi dunia inazima, giza tupu, halafu inawaka tena. Alilisimulia kama kituko. Mzee akaacha kucheka. Akamshika mkono akitafuta mshipa, akafungua droo akatoa kile kifaa cha madaktari cha masikioni, akamsikiliza akiwa amesimama, akamwambia achuchumae, akamsikiliza tena akiinuka. Bagula aliona haya kwa niaba yake. Prof wa sport anajifanya daktari.

Kisha mzee akamwomba binti atoke kidogo, akaangalie ndege bustanini. Hili nalo alilifanya kwa heshima. Miaka yake ya East Side ilimfundisha kwamba kwenye familia zetu jambo zito linapitia kwa baba. Alipobaki na Bagula akamuuliza kama kuna mtu wa ukoo aliyeanguka akafa akiwa kijana.

Bagula akasema yupo, shemeji yake Cikuru, mdogo wake Patricia, alianguka uwanjani Bukavu akicheza mpira. Lakini yule alilishwa sumu. Wakati wa mapumziko alipewa maji na mama mmoja jirani, akarudi uwanjani, akaanguka. Kila mtu anajua.

"Sumu haimwachi mtu acheze mpira kwanza," mzee akasema. Ndipo akatoa katazo lake.

Njiani kurudi East Side, Bagula alikasirika kimoyomoyo. Huyu anajua nini kuhusu sumu? Na Columbus je? Mwezi uleule kulikuwa na mashindano makubwa Columbus, na makocha wa vyuo vikuu wangekuwepo, macho yao juu ya wasichana wa umri wa Gentille. Chuo bila kulipa, hiyo ndiyo iliyokuwa inazungumzwa. Mtu akaufunge mlango huo kwa neno la mwenye filimbi?

*

Lakini nisimsingizie. Haikuwa chuo peke yake.

Louisville waliishi mtaa wa Okolona, na Bagula alifanya kazi kwenye ghala la mizigo, ndani ya kelele na vumbi la maboksi. Msimamizi wake alikuwa kijana wa rika la wanafunzi wake wa zamani, na kijana huyo alishindwa kulitamka jina Bagula, akamwita Bag. Siku moja alimwekea mkono begani mbele ya watu akamfundisha, polepole, kwa vidole, namna ya kujumlisha maboksi ya juu na ya chini. Mwalimu wa hesabu akasema asante. Alipofika nyumbani hakula, na Patricia alipomuuliza akasema tumbo.

Halafu Jumamosi ikifika alikwenda uwanjani, na hapo alikuwa mtu mwingine. Wazazi wa Kimarekani, wenye magari yao na viti vyao vya kukunja, walikuja kumpa mkono. Wewe ndiye baba yake Gentille! Walimpisha apite mbele. Kocha alimuuliza maoni. Msichana akipita anapepea, miguu haigusi chini, Bagula alisimama na shati lake la pasi akajiona tena amesimama mbele ya ubao. Mwambie mtu kama huyo azime taa hiyo kwa mkono wake. Hakuweza. Alijiambia watapima moyo baada ya Columbus. Baada ya Columbus ilikuwa karibu tu.

Kwa siku zile alikuwa baba wa ajabu. Alimpikia binti uji, alimnunulia nyama, alimbebea mkoba. Usiku wa maombi kanisani aliomba kwa machozi mpaka watu wakamsifu. Mara mbili alimuuliza, "Lile giza limerudi?" na Gentille, ambaye aliona jinsi baba anavyofurahi, akasema hapana. Alidanganya naye. Kila mmoja alimlinda mwenzake kwa njia yake, na hakuna aliyeulinda moyo.

Patricia hakujua kitu. Alijua tu kwamba mzee anasalimia.

*

Columbus, ndani ya ukumbi mkubwa wenye njia nyekundu ya kukimbilia, Gentille alikuwa wa pili kwenye kona ya mwisho. Akachepuka nje ya njia kama mtu aliyeitwa, akaanguka kifudifudi, na mikono haikutangulia kumkinga. Bagula aliiona mikono hiyo. Mtu anayejikwaa hunyoosha mikono.

Waliokuwepo walikimbia na ile mashine ya kuushtua moyo, wakamchania fulana, wakamshtua mara moja, wakamshtua tena. Patricia, aliyekuwa jukwaani, aliimba. Hakujua anaimba nini. Kisha mtu mmoja akasema unapiga, moyo unapiga, na wakaenda hospitali na ving'ora.

Akaishi. Hilo niliseme mapema, maana si vizuri kumchezea msomaji kwa uhai wa mtoto. Lakini alilazwa akiwa amelala kwa dawa, mabomba puani na kooni, na madaktari wakawaketisha wazazi kwenye chumba kidogo chenye sanduku la karatasi za machozi, na mkalimani kwenye simu, Mtanzania mwenye Kiswahili kilichonyooka. Wakaeleza kwamba nyama ya moyo wake ni nene kupita kiasi, kwamba ni ugonjwa wa kuzaliwa nao, unatembea ndani ya ukoo, na mara nyingi huua vijana wakiwa wanakimbia. Kisha wakauliza lile swali. Je, kuna ndugu aliyewahi kufa ghafla?

"Mudogo wangu Cikuru," Patricia akasema. "Lakini yeye walimulisha..." Akakomea hapo.

Bagula akamwona anavyolielewa jambo. Lilimwingia usoni polepole. Yule mama jirani aliyempa Cikuru maji walimpiga mawe, wakambomolea kibanda, akaondoka mtaani na watoto wake mvua ikinyesha, na Patricia, akiwa msichana, alikuwa mmoja wa waliopiga kelele mlangoni. Sasa mkalimani anarudia kwenye simu, mama, nakusikiliza, ulikuwa unasema?

"Alikuwa na kiu tu," Patricia akasema. "Alimupa maji juu alikuwa na kiu." Akalia kilio ambacho mkalimani hakuwa na neno lake.

Bagula akamshika mkewe mabega. Angeweza kusema pale pale. Alikuwa na nafasi, alikuwa na mkalimani. Akasema, "Hatukujua, Mama Gentille. Nani angejua?" Na mwanamke akamshukuru kwa neno hilo.

*

Patricia akishikwa na tatizo hupiga simu. Alipiga Louisville, alipiga Buffalo, aliwaamsha watu hadi Bukavu ili waombe. Siku ya tano akamwambia mumewe kwamba amempigia pia Mzee Ekati, na mzee ameshaingia barabarani, anakuja kwa gari lake. "Umri ule wote," akasema. "Angalia mutu anavyotupenda."

Bagula akatoka akaenda kusimama kwenye korido ya lifti. Watu walidhani amezidiwa na huzuni. Alikuwa analinda mlango. Alitaka kumkamata mzee kabla hajafika kwa mama, amwombe, ampigie magoti ikibidi, asiseme.

Lifti ikafunguka, mzee akatoka na koti lililokunjamana kwa safari. Kabla Bagula hajafungua mdomo, daktari wa moyo wa Gentille, mwanamke kijana aliyekuwa anapita na kahawa, akasimama ghafla. Akauliza kama yeye ndiye Profesa Brümmer. Akaiweka kahawa chini sakafuni, chini kabisa, ili ampe mikono miwili. Kiingereza cha Bagula kilitosha kuelewa: kwamba vitabu vyake juu ya mioyo ya wanariadha ndivyo walivyosomea, kwamba kile kipimo walichomfanyia mtoto jana ni yeye aliyekibuni, kwamba ingekuwa heshima kubwa kama angekuja kuangalia picha pamoja nao. Mzee akasema atakuja, lakini kwanza amsalimie baba wa mtoto.

Bagula alihisi masikio yanawaka.

"Hakusikia?" mzee akauliza kwa Kifaransa walipobaki wawili. "Ulimwambia, akakataa? Wasichana wa umri huo hukataa."

Hapo mlango wa kutokea ulikuwa wazi. Angesema ndiyo, alikataa. Akautazama mlango huo, nampa sifa kwa hili moja, hakupita.

"Sikumwambia."

"Kwa nini?"

Akajaribu kueleza. Hebu fikiria mtu anaeleza jambo hilo. Akasema kwao prof wa sport ni mtu wa kuruka na filimbi, anayeagizwa soda. Akasema hakujua. Kila neno lilimvua nguo. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, wala hakucheka, wala hakukasirika.

"Na kama ningekuwa wa filimbi," akasema, "moyo wake ungekuwa mzima?"



Mzee akakaa kwenye kiti cha korido. Akasema kwamba akiwa kijana, msaidizi tu kwenye maabara moja huko mashariki ya Ujerumani, alikuwa akiwapima mioyo wakimbiaji wa taifa. Aliona kitu kwenye moyo mmoja, wa msichana aliyeitwa Heike. Akamwambia mkubwa wake. Mkubwa akasema tusiwatie watu hofu kabla ya mashindano. Heike alikufa mazoezini asubuhi moja, na yeye akamaliza maisha yake yote kusoma ugonjwa huo, Ujerumani kisha Amerika, vitabu, vyeo, mihadhara, ili asilale na jambo lile.

"Nilimwambia mkubwa wangu," akasema. "Sikumwambia mwenye moyo. Na Amherst nimerudia. Alikuwa nje anaangalia ndege, na Kiingereza chake ni kizuri kuliko changu. Nilitaka kuwa na adabu kwako."

Bagula akapiga goti kweli, pale koridoni, akamwomba asimwambie mama. Mzee akamwinua kwa nguvu iliyomshangaza. Akasema hatasema neno kabla yake, lakini pia hatamsaidia kudanganya. Aingie aseme.

*

Gentille alikuwa ameamka tangu jana. Walikuwa wamempandikizia kifaa kidogo chini ya ngozi ya kifua, cha kuushtua moyo ukitaka kuzima, na bomba la kooni lilikuwa limetolewa, sauti ikawa ya kukwaruza. Patricia alikuwa amekaa kitandani akimsuka nywele upande mmoja. Bagula akaingia akiwa ameyapanga maneno yake. Alikuwa ataanza na "Mama Gentille, keti vizuri."

Hakuwahi. Binti alimwona mzee nyuma yake, uso ukamkunjamana kama wa mtoto mdogo, machozi yakatangulia.

"Samahani, Mzee," akasema kwa Kiingereza. "Ulisema nile vizuri kabla ya kukimbia. Asubuhi ile nilikuwa na woga, sikula kitu. Chakula nilikitupa. Ni kosa langu." Akamgeukia baba, na kwake akabadili lugha. "Pardon, Papa. Nilikuangusha."

Mzee akamtazama Bagula. 

Patricia hakuwa na Kiingereza kingi, lakini kula na kosa aliyajua. Mikono ikasimama kwenye nywele. "Nani alimwambia akule?"

"Mimi," Bagula akasema. "Mzee hakusema akule. Mzee alimukataza kukimbia. Alisema moyo yake haiko muzuri, tuende kwa munganga mbele. Aliniambia mimi, Amherst. Nikasema ndiyo. Nikaingia mu gari nikadanganya."

Ile hotuba aliyoipanga haikuwa na zaidi ya hapo. Alingoja Patricia apige kelele, alitamani apige kelele. Patricia alifungua mdomo, na pengine alimwona yule mama wa Bukavu na watoto wake mvuani, maana aliufunga. Akalishika shuka akamfunika binti miguu, ingawa ilikuwa imefunikwa tayari. "Na weye ukaniambia nani angejua," akasema taratibu. "Nikakushukuru."

Gentille alikuwa bado anamtazama baba. "Hakusema kitu juu ya kula?" akauliza. "Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Sasa mimi nililia usiku yote juu ya ile chakula."

Bagula akasogea kumshika mkono. Binti hakuuvuta kwa hasira. Aliuondoa tu, akauweka chini ya shuka, mahali pa joto. Kisha akamgeukia mzee, akaongea Kiingereza.

"Niambie. Yote. Mimi."

Mzee, kwa mazoea yake ya miaka, akainua macho kumtafuta baba, apewe ruhusa.

"Usimwangalie yeye," Gentille akasema. "Moyo ni wangu."

Mzee akavuta kiti mpaka karibu na mto, akaketi, akaanza. Hakupamba. Akamwambia kwamba hatashindana tena, na Gentille akafumba macho, akayafumbua, akamwambia aendelee. Akauliza kama atakufa. Akauliza kama ataweza kuzaa. Akauliza kama mama apimwe pia, na watoto wa dada za mama walioko Bukavu. Mzee akajibu kimoja kimoja, na pale alipokuwa hajui alisema hajui. Patricia alirudia kusuka.

Bagula alisimama karibu na mlango, akisikiliza kwa nguvu zake zote. Kiingereza kilikwenda mbio. Alikamata moyo, alikamata umeme, alikamata maisha yote, halafu likaja neno moja, mzee akalirudia mara nyingi, na kila likitajwa binti aliitikia kwa uchungu. Bagula hakulielewa. Tangu wafike Amerika, kwa daktari, shuleni, benki, neno likimshinda alimwinamia Gentille sikioni akamuuliza, na Gentille akamtafsiria kila kitu kama kilivyosemwa.

Hakumuuliza.